Nani Atambeba Mama

Kishapu,
14 Februari 1953

Shemeji Telesphori,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitika kwa kunong'ona, ili wenzako wa kambi ya mgodi wasijue kwamba bado unasali. Mimi ni mzima. Mvua ilianza vizuri, ikatuzoesha, kisha ikakata. Pamba imefika magotini, imesimama inatutazama. Yule ng'ombe mwenye baka jeupe amezaa jike. Kaka zangu wa Ushirombo wanakusalimu, na bado wanauliza lini nitarudi kwao, nami bado ninajibu kwamba barabara ni mbaya.

Sasa keti kwanza. Mama ameanguka. Yuko hai, ananitazama ninavyoandika, na anataka nikuambie kwamba alisukumwa na paka. Hatuna paka. Alipanda kigoda kuchungulia kihenge cha mtama, kwa sababu nikimwambia mtama bado upo haamini mpaka auone. Kigoda kikageuka, akaangukia ubavu, nyonga ikavunjika. Wanaume wa hapa walimbeba pamoja na kitanda chake mpaka barabarani, lori la mwenye duka likatufikisha Shinyanga, na hospitali wakamlaza mguu ukiwa umevutwa kwa kamba yenye uzito. Tumekuwa huko tangu kabla ya Noeli. Sikukuandikia kwa kuwa kila siku nilidhani kesho nitakuwa na habari nzuri zaidi.

Juzi tumerudi nyumbani. Dresa, yule mfunga vidonda wa wodini, aliniita pembeni, na ninakueleza kama alivyosema: mfupa wa umri ule huunga polepole, pengine usiunge sawa, lakini kinachowamaliza wazee si mfupa, ni kulala. Kwa hiyo ageuzwe mara kwa mara, aketishwe, mguu ukunjwe na kunyoshwa, na siku moja asimamishwe. Akiachwa chali atatoka vidonda mgongoni, kifua kitajaa, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Mama yako si mwepesi, shemeji. Tangu Anatoli wangu afariki, mwaka wa nne huu, tumekuwa wawili tu humu ndani, na nimemlisha vizuri mno. Sikuambii uje. Nakuambia tu kwamba nikimwinua peke yangu tunaishia katikati, hatukuketi wala hatukusimama, tunabaki tukitazamana.

Yeye mwenyewe anasema usije, maana ukija utakula mtama.

Shemeji yako,
Bernadina


Geita, mgodini,
29 Machi 1953

Shemeji Bernadina,

Milele na milele, amina. Nimesema kwa sauti, mpaka mnyapara amegeuka. Shikamoo pia, kwa kuwa wewe ni mke wa kaka yangu mkubwa, ingawa sote tunajua ni nani kati yetu aliyeanza kuota mvi. Hapa mvua hazijui kukata kama huko kwenu. Lori la barua lilikwama kabla ya kivuko na barua yako imenifikia ikiwa laini kama kitambaa. Mimi ni mzima, ninashuka shimoni na kupanda, ninakohoa vumbi kama kila mtu.

Nilipofika kwenye neno "ameanguka" niliketi, ingawa ulikwisha kuniambia niketi. Mpe pole mama. Mwambie nikimpata paka huyo nitamfundisha adabu.

Nimefikiri hivi. Mlete Geita. Hapa mgodini kuna zahanati na dawa zipo, nami nitaomba chumba katika nyumba za wenye familia. Nitatafuta mwanamke wa kumwangalia nikiwa kazini. Utakaa naye wiki chache mpaka azoee, kisha utakuwa huru kupumzika. Mimi siwezi kutoka sasa. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwaka, na nilikuahidi kwamba nikirudi nitarudi na bati la nyumba. Bati halijatosha.

Neno moja zaidi. Katika barua yako dresa kasema hiki, dresa kakuita pembeni, dresa kaeleza kile. Dresa huyu ana umri gani? Nauliza kwa ajili ya afya ya mama.

Shemeji yako,
Telesphori


Kishapu,
3 Mei 1953

Shemeji Telesphori,

Salamu zako tumezipokea. Huku ni wazima wote, pamba imechanua hata hivyo, na sasa hatujui tuilalamikie nini.

Dresa ana ndevu nyeupe, ana wajukuu, na ananuka dawa ya vidonda kwa mbali kabla hujamwona. Afya ya mama imeridhika?

Habari ya Geita nilimsomea. Akasema, "Mwambie sitaki kulala juu ya mashimo. Watu wanapita chini ya kitanda chako na taa mkononi, utajuaje kama hawakutazami?" Nikamwambia mashimo hayafiki chini ya nyumba. Akasema, "Umeshuka ukaona?" Basi, huko haji.

Ukitaka kujua siku zetu zinavyokwenda: alfajiri ninamgeuza, ninamwosha, ninampaka mafuta ya samli mgongoni na kiunoni. Kisigino kilianza kuwa chekundu, nikakumbuka maneno ya dresa, nikashona mfuko, nikaujaza pamba yetu wenyewe, sasa mguu unalala juu yake na wekundu umeondoka. Tumefunga kamba kwenye boriti juu ya kitanda, anaishika mwenyewe na kujivuta. Kamba alituletea mtu mmoja wa reli, mkazi wa Ibadakuli, aliyekuwa akimuuguza mjomba wake katika wodi ya jirani. Mjomba alifariki, Mungu amrehemu. Yeye hupita hapa kumjulia mama hali.

Jumapili iliyopita tulimsimamisha. Alitetemeka mwili mzima, mikono yake shingoni mwangu, jasho likimtoka. Nilikuwa tayari kulia kwa furaha. Akanitazama akasema, "Kumbe bado uko mfupi." Kisha akaomba kuketi.

Bernadina


Kishapu,
19 Julai 1953

Shemeji,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima. Tumevuna pamba, imepelekwa, na nyumba ina nafasi tena.

Hujajibu barua ya mwezi wa tano. Nilidhani umekasirika kwa ajili ya dresa, kisha nikasema hapana, Telesphori hawezi kukasirika kimya kimya, hajaumbwa hivyo. Mama ananiuliza kila lori linapopita. Ninamwambia kivuko kimeharibika. Nimekiharibu kivuko mara nyingi mno sasa, wenyewe wakisikia watanishitaki.

Andika hata mstari mmoja. Andika kwamba unakohoa.

Bernadina


Geita,
30 Agosti 1953

Mpendwa Shemeji Bernadina,

Kwa unyenyekevu mkubwa na moyo uliojaa heshima, ninashika kalamu hii ili kukujulia hali wewe pamoja na mama yetu mpenzi. Kwa upande wangu mimi ni mzima wa afya kwa rehema zake Mwenyezi, na sina la kulalamika. Ukimya wangu umetokana na wingi wa kazi, jambo ambalo ninaliombea radhi kwa dhati.

Ninafurahi kusikia kwamba mama amesimama. Ninakusihi uendelee na jitihada hizo njema. Nimehamishwa kutoka shimoni na sasa niko juu, katika chumba cha kutunzia taa, ambako kazi ni nyepesi na hewa ni safi. Ndugu Donatus wa hapo Kishapu atakuja likizo mwezi ujao, naye atawaletea mfuko wa dagaa kutoka Nkome.

Wasalaam,
wako mtiifu,
Telesphori


Kishapu,
11 Oktoba 1953

Shemeji Telesphori,

Salamu nyingi kwako, na nyingi zaidi kwa huyo aliyeandika barua yako ya mwisho. Ana adabu kuliko wewe. Nilipofika kwenye "wako mtiifu" mama alisema, "Huyu si mwanangu, soma ya pili." Nikamwambia ya pili haipo.

Dagaa tumewapata, wakavu, wazuri, hawana mchanga. Donatus pia tumempata. Aliingia, akampa mama mkono, akaulizwa, "Telesphori hajambo?" Akasema hajambo. "Anakula?" Anakula. "Anaandika?" Donatus akatazama mlango. Mama akamwambia, "Donatus, nilimsaidia mama yako siku ulipozaliwa. Kaa chini." Maskini, akakaa. Kabla uji haujaiva tulikwisha kujua yote: jiwe lililoporomoka mwezi wa tano, mkono wa kulia uliobanwa, vidole viwili vilivyokatwa na cha tatu kisichokunjika. Na rafiki yako Pantaleo wa Songea, aliyekaa seminari kidogo, ndiye mwenye kalamu ya unyenyekevu.

Niliondoka nikaenda kutazama ng'ombe. Nilikaa zizini mpaka macho yalipokauka, nikarudi.

Sikulaumu. Nami sikukuambia habari ya mama mpaka miezi miwili ilipopita. Lakini sisi ni watu wawili wa kuandikiana, shemeji, hatuna wa tatu. Ukinificha, nimwandikie nani? Pantaleo?

 Usiku ule nilimsikia mama akiitaja mikono yako ya utoto, jinsi ulivyokuwa ukiiba karanga.

Bernadina


Geita,
22 Novemba 1953

Shemeji Bernadina,

Barua hii nimeiandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Herufi zinaegemeana kama watu waliotoka kilabuni, lakini zinajua zinakokwenda. Pantaleo amesikitika kuachishwa kazi. Alikuwa amekuandalia neno "taadhima".

Mkono umepona kwa jinsi unavyoweza kupona. Nilitaka kukuandikia kila wiki. Kisha nikaona, nitaandikaje kwa mkono wa mtu mwingine habari ya mkono wangu? Ningeona haya mbele ya Pantaleo, ningeona haya mbele yako, na kwa mama ndiyo kabisa. Mtu aliyetoka kwao kwa maneno makubwa ya bati na baiskeli, arudi na mkono usioweza kushika mpini wa jembe. Basi nikanyamaza.

Sasa na mimi nina yangu. Donatus amerudi hapa na mfuko wa michembe, ahsanteni sana, viazi vimekauka vizuri. Amerudi pia na habari. Wewe uliniandikia "mtu mmoja wa reli". Donatus anasema mtu huyo mmoja anaitwa Eustace, kwamba kila akipata siku ya mapumziko anapanda lori kuja Kishapu, kwamba anamgeuza mama vizuri kuliko dresa, na kwamba mwezi wa tano alikuuliza kama utakubali kuolewa naye, nawe hukumjibu ndiyo wala hapana. Nami nilikuwa nikimhangaikia mzee wa watu mwenye ndevu nyeupe.

Shemeji, sikiliza, hapa sitanii. Kaka yangu alikupenda. Wewe ulimzika, ukabaki na mama yake wakati kila mtu alitegemea urudi kwenu. Huna mtoto wa kukufunga hapo. Kama umemnyima mtu huyu jibu kwa ajili yetu, usifanye hivyo. Kaka zako wasihofu kwamba tutadai kurudishiwa ng'ombe wa mahari. Sasa mwenye sauti ni mimi, na sauti yangu inasema wabaki huko huko Ushirombo wanenepe.

Lakini mama sijui nifanye nini naye. Mlete huku, mwambie mashimo nimeyafunika. Mimi kuja na mkono huu, sioni nitamfaa nini.

Telesphori


Kishapu,
13 Desemba 1953

Shemeji Telesphori,

Tumsifu Yesu Kristo. Mvua imenyesha wiki nzima na tumeshapanda. Mama anakula, isipokuwa siku nitakazokueleza.

Barua yako nilimsomea kama kawaida. Nilipofika kwenye habari ya Eustace nikaruka mpaka kwenye ng'ombe. Akasema, "Rudi nyuma." Nikauliza nyuma wapi. "Hapo ulipopumua." Nikasoma yote.

Akageukia ukutani. Uji wa jioni akaukataa, na wa asubuhi akaukataa. Nilimgeuza, hakunitukana. Nilimwosha mgongo, hakusema maji ni baridi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, shemeji. Nilikaa kitandani kwake nikamwambia, "Mayu, mama yangu, siendi popote. Nilikwisha kumwambia yule kwamba nina mama." Akaniuliza, "Naye alisemaje?" Nikamwambia alisema, "Najua, nimembeba."

Akaivuta kamba ya boriti, akageuka kunitazama. Kisha akasema, "Aliyekuoa ni Anatoli, si mimi. Anatoli hayupo. Mimi nimekuwa nikijidai sioni, kwa kuwa nikiona utaondoka." Nililia, sikufichi. Naye akalia kidogo, akaniambia nifute pua, nitamdondoshea. Akaendelea, "Huyu wa reli anajua kuinua mtu. Hanishiki kama gunia. Nilimwona tangu wodini, nikasema, huyu ana jambo, mjomba mtu amekwisha kufa bado anakuja."

Kisha akaomba uji, akasema una mabonge.

Kuhusu wewe, alinifanya nisome tena pale uliposema huoni utamfaa nini. Maneno yake ninakuandikia kama yalivyo: "Mwambie vidole vyake sivihitaji. Mwulize, mgongo anao?"

Hayo ndiyo niliyoagizwa. Ya kwangu ni haya. Kumwosha si kazi yako, hilo linajulikana. Mbuke jirani amekubali kuja asubuhi na jioni, amezoea, alimuuguza mama yake mwenyewe. Yaliyobaki ni kuinua, kugeuza, kuketisha, kumtoa juani na kumrudisha kivulini, kupika, na kutukanwa. Mkono mmoja na nusu unatosha. Lakini sitatoka katika nyumba hii mpaka nikuone kwa macho yangu ukimgeuza mama bila kumwumiza. Eustace nimemjibu ndiyo, na sharti hilo analijua.

Bernadina


Geita,
10 Januari 1954

Shemeji,

Mgongo ninao.

Mkataba umekwisha, nimeaga. Ninaondoka Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu kwa lori mpaka kivukoni, kisha Mwanza, kisha gari moshi. Bati halikutosha. Kama huyo wa reli yuko kazini siku hiyo, mwambie amtazame mtu mwenye mkono mfukoni. Ndiye mimi, ninafanya mazoezi ya kuutoa.

Telesphori


Kishapu,
20 Juni 1954

Shemeji Bernadina, au nikuite nani sasa? Kwa sheria umeacha kuwa shemeji yangu tangu ndoa yenu Jumamosi ile baada ya Pasaka. Mama anasema sheria haijui kitu, niandike hivyo hivyo.

Natumaini huko Ibadakuli wewe na Eustace hamjambo. Mimi sijambo. Pamba inavunwa, mimi ninachuma kwa mkono wa kushoto na watoto wa Mbuke wananipita na kunicheka.

Nikuambie yaliyotokea ulipoondoka. Uliniona nikimgeuza, ukasema vizuri, ukapanda lori. Ulipokwisha kupotea barabarani mama aliniambia, "Sasa tuone." Usiku ule alikataa nisimguse. Akaita jina lako mara moja, kisha akajua kosa lake, akasema alikuwa anamwita ng'ombe. Nilimwacha alale upande mmoja kwa kuogopa ugomvi. Nikamwacha usiku wa pili pia. Wiki haikwisha, Mbuke akaniita nje asubuhi akiwa amekunja uso, akaniambia kiunoni kuna kidonda.

Shemeji, nimewahi kukaa gizani chini ya jiwe nikisubiri wenzangu walifukue. Sikuogopa kama asubuhi ile. Niliona nimemharibu kwa wiki moja mtu uliyemtunza mwaka mzima. Nilimwambia Mbuke nitakuandikia urudi. Akanijibu, "Ukimwita atakuja, na huyo mume atabaki na sufuria. Kwanza njoo nikuone unavyomgeuza." Akakaa mlangoni akitazama. Nilipomaliza akasema, "Humwinui. Unamburuta." Ndivyo ilivyokuwa. Mkono wa kulia haushiki, basi nilikuwa ninamvuta kwa wa kushoto, na ngozi inasuguliwa shukani. Wewe hukuliona kwa kuwa ulipokuwapo daima ulikuwa umeshika upande wa pili.

Tangu siku ile siutumii mkono, ninatumia bega na kiwiko. Ninapiga goti, ninaingiza mkono wote chini yake mpaka kwapani, kisha ninainuka naye. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo vizuri alisema, "Hapo." Neno moja tu. Kidonda tunakiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tunakiacha wazi juani asubuhi, Mbuke akimfunika kanga palipobaki. Kinafunga. Kimebaki kama tundu la kifungo.

Kila siku ya gulio ninambeba mgongoni mpaka njia panda aone watu. Wanaume wengine wanacheka, mwanamume mzima anabeba, anapika, anachemsha vitambaa. Mama anawajibu juu ya bega langu, na anaona mbali zaidi yao, basi anawashinda.

Sasa nieleze: ule mlenda wako ulikuwa unautia nini? Wangu unateleza mpaka kwenye kijiko, haufiki mdomoni.

Telesphori


Ibadakuli,
3 Oktoba 1954

Shemeji Telesphori,

Ndiyo, shemeji. Eustace naye anakuita hivyo hivyo, tumeacha kutafuta neno jingine. Anawasalimu. Kazi ya reli inamtoa alfajiri na kumrudisha jioni akinuka mafuta. Tumelima kipande nyuma ya nyumba, jua limekula nusu.

Nilipoisoma barua yako ya kidonda nilifunga mzigo. Nilikwisha kuuweka mlangoni. Kisha nikasoma mpaka mwisho, nikaufungua. Umefanya vizuri kuliko mimi. Mimi kiwiko sikukifikiri. Kwenye mlenda tia karanga zilizosagwa, na upunguze kukoroga, si saruji.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kuna jambo, na nimeandika barua hii na kuichana zaidi ya mara moja. Nina mimba. Wanasema nitajifungua mwezi wa pili, Mungu akipenda. Katika miaka yangu kwa Anatoli hatukupata, na unajua yaliyosemwa, na waliosema unawajua. Mama hakuwahi kunisemea neno. Hata siku moja. Hata nilipomwudhi, na nilimwudhi sana.

Mwanamke huenda kwa mama yake kujifungua mara ya kwanza. Wangu alikufa nikiwa msichana huko Ushirombo, na mama yake Eustace alifariki zamani. Eustace aliniuliza nitakwenda kwa nani, na kabla sijafikiri nilimjibu, "Kwa mama, Kishapu." Yeye ameridhika. Lakini baadaye nikaanza kujiuliza. Mtoto huyu si wa Anatoli. Kumletea mama ndani ya nyumba ya mwanawe kilio cha mtoto ambaye si mjukuu wake, labda ni kumtonesha. Sitaki alie akigeukia ukutani tena.

Usimsomee barua hii kama ilivyo. Mpime kwanza, umwone. Kisha uniambie ukweli, usinitumie Pantaleo.

Bernadina


Kishapu,
24 Oktoba 1954

Shemeji Bernadina,

Salamu kutoka kwetu sote. Mbuke anakusalimu, ng'ombe wanakusalimu, na kidonda kimefunga kabisa, hakina tena cha kukusalimia.

Uliniambia nimpime mama kwanza. Nilijaribu. Nilisoma hali ya hewa, nikasoma kipande cha nyuma ya nyumba, nikasoma karanga. Akasema, "Umepumua." Nikamwambia mimi huwa ninapumua. Akanyosha mkono, akaichukua barua, yeye asiyejua hata herufi moja, akaitazama kwa muda, akanirudishia. "Soma."

Nikasoma yote, pamoja na hilo la mtoto si wa Anatoli.

Hakugeukia ukutani. Aliniomba nifungue mlango, mwanga uingie. Akatazama nje. Kisha akauliza, "Kasema mwezi gani?" Nikasema wa pili. Akahesabu kwa vidole, kisha akaniambia nimketishe. Nikamketisha kama siku zote, nikamwegemeza kwenye mito. Akasema, "Iondoe hiyo." Nikamwuliza kwa nini, mgongo bado hauna nguvu. Akanitazama kama ambaye hajawahi kuona mtu mjinga hivi.

"Mtoto hapakatwi na mtu aliyeegemea," akasema.

Nikaiondoa. Akaanguka ubavuni palepale, nikamdaka. Tukarudia. Akaanguka, akacheka, akanitukana, tukarudia. Tangu siku hiyo ni hivyo kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Ananitaka nikae mbele yake mikono wazi, nisimguse mpaka aseme. Jana aliketi peke yake wakati Mbuke alipokwenda kisimani, na Mbuke aliporudi alikuwa bado ameketi, mikono ameikunja hivi, kana kwamba ameshika kitu, macho ameyakaza mbele.

Ananiambia nikuandikie kwamba anakungoja, lakini usifike kabla ya wakati. Bado anayumba kidogo upande wa kushoto.

Telesphori